Luned Aliwapelekea Chai

Mawakili wale walikuwa na mlango wa kijani pale mjini, pembeni mwa benki iliyofungwa, na bonde zima liliwaita hivyo hivyo, Mlango wa Kijani, kwa sababu majina yaliyochongwa kwenye kibao cha shaba yalikuwa marefu na wenyewe walikuwa wameshakufa. Kila baada ya miezi michache watu wa Mlango wa Kijani walikuja kwenye mnada wa mifugo, wakakodi kantini, wakawakaangia wakulima bekoni, nyama ya nguruwe ya kutia kwenye mkate, bure. Wakulima wakishajaza midomo, alisimama mtu wa kuwahubiria habari za sheria: kodi mpya ya urithi, wosia, nani apewe nini na apewe lini. Ujanja huo ni wa zamani. Mtu mwenye mkate mdomoni haulizi swali.

Asubuhi hiyo ya Mei Luned wa Hafod alikuwa amekuja kuuza kondoo majike waliozeeka. Hakuja kusikiliza mtu. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, mfupi, na mabega ya mtu aliyebeba marobota ya nyasi kavu tangu utotoni. Alikaa nyuma karibu na mlango, buti zimejaa mavi, akajiambia nakula kisha nakwenda zangu.

Katika bonde lile jina la ukoo halimtambulishi mtu. Nusu ya watu ni akina Jones na nusu iliyobaki ni akina Davies, kwa hiyo mtu huitwa kwa shamba lake. Tegwyn wa Cefn. Beti wa Cefn, mkewe. Luned wa Hafod. Shamba likiondoka, mtu anabaki hana cha kuitwa.

Wakili aliyesimama mbele alikuwa Bi Sandbrook, mwanamke wa upande wa pili wa mpaka, kutoka Uingereza, mwenye viatu vyeupe ambavyo kila aliyemo alikuwa ameshavihesabia dakika za kubaki vyeupe.

"Niwape mfano," alisema. "Jina silitaji, siri ya mteja ni siri. Tuwaite akina Jones."

"Umeshatutaja wote!" alipaza sauti mzee mmoja, kantini ikacheka.

"Haya. Mzee ana miaka themanini na kitu. Shamba la kondoo, juu kabisa mwisho wa bonde. Watoto wawili. Tukamshauri asingoje kufa ndipo serikali ije na mkono wake. Akafanya jambo la busara: akamhamishia mwanawe wa kiume shamba lote angali hai. Na mnajua tulitia saini lini? Siku yao ya kunyoa kondoo! Mashahidi tuliwaita kutoka uani. Yule mzee ndiyo kwanza katoka kunyoa kondoo wa kwanza kwa mkasi wa mkono, ule wa kizamani kabisa, vidole vimejaa mafuta ya sufu. Alama ya dole gumba lake iko kwenye hati mpaka leo. Nilitamani niitie kwenye fremu."

Alitabasamu akingoja wacheke tena.

Hakucheka mtu. Katika bonde zima mtu aliyebaki ananyoa kondoo wa kwanza kwa mkasi wa mkono alikuwa mmoja. Wengine wote walikuwa na mashine za umeme tangu enzi za baba zao. Kila Julai, kabla mashine hazijawashwa, Ednyfed wa Hafod alikaa kwenye benchi la mbao, akamlaza kondoo mapajani, akamnyoa taratibu kwa mkasi wa chuma aliouacha babu yake, na watu wote waliokuja kusaidia wakasimama kimya kofia mkononi mpaka amalize. Bi Sandbrook angeweza kubadili idadi ya watoto. Angeweza kubadili bonde. Aliubakiza mkasi kwa sababu kwake ulikuwa hadithi tamu ya wazee wa milimani. Kwao ulikuwa sawa na kutaja jina, shamba na rangi ya mlango.

Hakuna aliyegeuka kumtazama Luned. Kila mtu aliutazama mkate wake. Hapo ndipo alipojua kwamba wote walikuwa wanajua.

Siku ile ya Julai iliyopita ilimrudia nzima. Alikuwa jikoni tangu alfajiri, kondoo wawili wameokwa, viazi sufuria kubwa, pai za tufaha zimepangwa mpaka kwenye ngazi. Baba yake alichungulia mlangoni akasema kuna watu wa bima sebuleni, wapelekee chai. Sebule ya mbele ya Hafod hufunguliwa kwa ajili ya mchungaji na kwa ajili ya jeneza, na Luned alishangaa kidogo kwamba bima imepewa heshima hiyo, lakini viazi vilikuwa vinachemka. Alitoa vikombe vizuri vya marehemu mama yake. Aliingia na sinia. Baba yake alikuwa mezani, ndugu yake Hefin amesimama nyuma ya kiti, Tegwyn wa Cefn yuko dirishani na kofia mkononi, na mwanamke mmoja mgeni akasema bila kuinua kichwa, "Asante, mpenzi, weka tu hapo."

Sasa mwanamke huyo huyo alikuwa anafungua ukurasa mwingine.

"Na binti?" aliuliza Luned.

"Samahani?"

"Umesema watoto wawili. Wa pili nani?"

"Aa, ndiyo. Kuna binti. Hakuolewa, anamtunza mzee. Naye hakusahauliwa! Ana haki ya kukaa kwenye nyumba ya magurudumu nyuma ya ghala, maisha yake yote." Bi Sandbrook aliangalia karatasi yake. "Au mpaka aolewe."

"Alikubali?"

"Familia ilikubaliana vizuri kabisa."

"Nimeuliza binti."

Bi Sandbrook alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alimwona mwanamke mwenye koti la mvua na kofia ya sufu, na uso wake ukaonyesha anajaribu kukumbuka. "Tumewahi kuonana?"

"Mara moja," alisema Luned. "Uliniomba maziwa zaidi."

Akatoka. Nyuma yake mtu alikohoa, na kiti kikakwaruza sakafu.

Tegwyn alimkuta kwenye mazizi ya mnada, ameegemea chuma, anawatazama kondoo wake wazee waliokuwa wanangoja kuitwa.

"Luned. Ngoja basi."

"Kumbe jina langu unalikumbuka."

"Niliitwa kutia saini tu. Shahidi hasomi kilichoandikwa."

"Wewe? Wewe unayesoma chupa ya dawa ya kupe mara mbili kisha unamwita Beti naye asome?"

"Baba yako ndiye aliyeniita. Ningemwambia nini mzee wa watu, ndani ya sebule yake?"

"Ungemwambia binti yako yuko jikoni, ukuta wa pili."

Tegwyn alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeshonwa humo. "Nilidhani unajua."

"Uongo."

"Haya, uongo." Alivaa kofia tena. "Nilijua hujui."

"Na ukatoka hapo ukaja kula pai yangu."

"Ilikuwa siku ya kunyoa, Luned. Siku ya kunyoa kila mtu anakula."

Na huyu, kati ya watu wote, ni Tegwyn. Walipokuwa na miaka ishirini na kitu, Tegwyn alikuja Hafod na gari la baba yake, na Luned alikuwa ameshafunga sanduku. Walikuwa wamekubaliana kuoana na kukodi shamba dogo huko kusini. Ednyfed alitoka uani akasimama mbele ya gari. Hakufoka. Alisema, "Tegwyn, mwanangu, huyu hawezi kuondoka. Hafod ni yake. Hefin hataki, mimi nitakufa, nani atabaki? Utamng'oa mtu kwenye mali yake?" Luned alifungua sanduku lake jioni ile ile. Tegwyn alingoja mwaka mmoja kisha akamwoa Beti. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Mtu mwenye shamba ana shamba, na katika bonde lile hiyo inatosha kuwa sababu ya kila kitu.

Luned aliporudi nyumbani alimkuta baba yake kwenye kiti chake karibu na jiko la makaa, redio ikisoma bei za mnada aliotoka Luned.

"Wamekwendaje wale kondoo wazee?" aliuliza.

"Baba, Hafod ni ya nani?"

Ednyfed alipunguza redio. Hakuwa mtu wa kushtuka. "Ni mambo ya kodi hayo. Usijiumize kichwa."

"Nilikuwa nawaletea chai."

"Na chai ilikuwa nzuri."

Luned alichukua simu, akampigia Hefin huko Chester anakouza makabati ya jikoni, akaiweka simu mezani katikati ya mkate na siagi, sauti ikisikika na wote wawili.

"Dada," alisema Hefin alipoelewa, na alielewa upesi mno. "Dada, usilichukulie hivyo. Wangekuja kutukamua kodi mpaka tuuze. Tumeliokoa shamba."

"Mmeliokoa kutoka kwa nani?"

"Sikiliza, tuseme ukweli kama watu wazima. Wewe huna mtoto. Baada yako lingekwenda wapi, kwa mbwa?"

"Mbwa angalau angejua mipaka. Una mpango gani nalo?"

"Kuna kampuni ya London inapanda miti. Inalipa mlima wote kwa miaka hamsini, bila kondoo, bila kero."

"Miti ya wapi?" alisema Ednyfed.

"Tutaongea, Baba."

"Miti kwenye mlima wangu?"

"Tutaongea nikija."

Luned alimtazama baba yake. Alingoja aseme neno. Kwa muda mdogo alimwonea huruma kabisa, kwa kuwa walikuwa wamekaa kwenye meza moja wakiwa wameibiwa na mtu mmoja. Ednyfed alinyoosha mkono, akaongeza redio.

Luned alivuka milima kwenda kwa wakili mwingine, mtu mzima mwenye kikohozi, ambaye hakuwa na kibao cha shaba wala bekoni. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba sheria ya huko inaitambua ahadi. Mtu akiahidiwa ardhi tena na tena, akaamini, na kwa kuamini huko akayatoa maisha yake, jaji anaweza kumzuia aliyeahidi asigeuke, hata kama hati imeshasainiwa. "Lakini ahadi inataka masikio, mama. Baba yako atakana. Nani mwingine alisikia?"

Luned alicheka, mara ya kwanza tangu Mei. Nani alisikia! Kila siku ya kunyoa, chakula kikiisha, Ednyfed aligonga kikombe kwa kisu, akawashukuru majirani, kisha akanyoosha mkono kuelekea jikoni alipokuwa Luned na kusema, "Huyu ndiye mtakayemnyolea nikishakwenda." Na watu arobaini wakapiga meza kwa ngumi mpaka vijiko vikaruka. Kila mwaka. Waliokuwa wachanga wakati wa ahadi ya kwanza sasa wana vipara.

Basi akaenda shamba kwa shamba kuwauliza.

Nieleze jambo kuhusu kumbukumbu ya watu wa bonde lile. Watakutajia mwenye ardhi aliyewafukuza babu za babu zao kwa sababu walipiga kura asivyopenda. Watakutajia jina lake, jina la wakala wake, rangi ya farasi, na nani alizaa kandokando ya barabara mvua ikinyesha. Huyaimba kanisani. Mchungaji akiyataja, wanaume wenye mikono kama majembe hufuta machozi. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini! Lakini Luned alipouliza kilichosemwa mezani Julai iliyopita, walikuwa wameshiba sana siku ile, au walikuwa wanaongea na mtu mwingine, au upepo ulikuwa mkali. "Alisema kitu, ndiyo. Huwa anasema kitu." "Mimi sikio la kushoto, unajua tena." "Mambo ya familia hayo, Luned, sisi tunaingiaje?" Wanakumbuka dhuluma ya aliyekwisha kufa kwa sababu haina gharama. Aliye hai ana lango.

Na Hafod ilikuwa na lango. Njia ya kupandisha kondoo kwenye malisho ya pamoja, juu zaidi ya mlima wa Hafod, ilipita kwenye ardhi ya Hafod, na hapakuwa na njia nyingine. Kila mtu alikuwa ameshapiga hesabu kichwani nani atakayekuwa na ufunguo mwakani. Hawakuwa wabaya. Walikuwa majirani wazuri sana, wanaokuja na trekta usiku gari lako likizama, wanaoleta keki mtu akifa. Ubaya wa mtu mbaya unaujua mapema, unafunga mlango. Wale wenye keki ndio wanaokumaliza.

Cefn aliiacha mwisho, kisha akaamua hataenda kabisa.

Siku ya kunyoa ilifika. Luned aliwashusha kondoo kutoka mlimani mapema na mbwa wawili, kwa kuwa kondoo hawakuwa wamesaini kitu. Lakini jiko halikuwashwa. Hefin, aliyekuja na gari la mjini, la chini mno, ambalo lilikwama kwenye kijito na kuvutwa kwa trekta, alikwenda mjini akarudi na mikate ya dukani iliyofungwa kwenye plastiki.

"Ni chakula kizuri," alisema. "Kuna ya kuku na kuna ya yai."

"Wape," alisema Luned. "Ni watu wako."

Nao walikuja. Hilo ndilo lililomkata maini. Usiku kucha alikuwa amejiambia kwamba labda wataona haya, labda mmoja wawili watajifanya wagonjwa. Walikuja wote, na mashine zao, na mbwa wao, wakamsalimia kwa upole kama mtu aliyefiwa. "Luned. Hali ya hewa imetubeba leo." Ednyfed alikaa kwenye benchi, akamnyoa kondoo wa kwanza kwa mkasi. Mkasi uliteleza, na ngozi ya kondoo ikatoka damu sehemu mbili. Kofia zilikuwa mkononi kama kawaida. Kisha mashine zikanguruma.

Mchana, nusu ya kondoo wakiwa uchi na wakiwaita watoto wao waliokuwa hawawatambui, watu walikaa kwenye meza ndefu uani wakipambana na plastiki. Mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya mlima. Luned alisimama mlangoni mwa jiko baridi, aproni hana.

Ednyfed aligonga kikombe. Aliwashukuru. Kisha akanyoosha mkono, polepole, mpaka ukamfikia Hefin.

"Huyu ndiye mtakayemnyolea nikishakwenda."

Maneno yale yale, bila hata kubadili moja. Ngumi hazikupigwa. Mtu mmoja alianza, akasikia yuko peke yake, akaacha.

"Mwaka jana ulimnyooshea nani mkono, Baba?" alisema Luned.

"Luned, si sasa," alisema Hefin.

"Nyamaza, muuza makabati. Baba, nimekuuliza."

Ednyfed alimtazama binti yake. Alikuwa na macho makali bado, macho ya mtu anayemwona kondoo mgonjwa kutoka bonde la pili. Habari za Luned kupita shamba kwa shamba zilikuwa zimefika Mlango wa Kijani, na wakili wake alikuwa amemwagiza akane. Lakini Ednyfed hakuwa amezoea kuagizwa uani kwake, na mbele ya majirani zake wote kukana kungekuwa kujidhalilisha.

"Wewe," alisema.

"Na mwaka juzi?"

"Wewe. Kila mwaka wewe. Unafikiri nimesahau? Mimi si kama hawa."

"Kwa hiyo ulibadili mawazo. Walikuja hawa wa Mlango wa Kijani na kodi yao, wakakutisha, na Hefin akakuzunguka." Alisikia sauti yake mwenyewe inamsihi. Ndivyo alivyokuwa amejieleza tangu Mei: mzee kachoka, mzee kadanganywa. Alikuwa amejiachia hapo mahali padogo pa kusimama. "Zamani ulikuwa unamaanisha."

"Sikubadili kitu," alisema Ednyfed. "Sema ukweli mwenyewe. Sanduku lilikuwa limeshafungwa. Yule pale," akamwonyesha Tegwyn kwa kidevu, "amewasha gari. Mama yako mgonjwa kitandani, Hefin kaondoka, theluji inakuja. Ningefanyaje? Ilibidi nikupe kitu cha kukubakiza hapa."

"Kwa hiyo ilikuwa..."

"Shamba ni la mtoto wa kiume. Lilikuwa hivyo kwa baba yangu na kwa baba yake. Ulikuwa unalijua hilo, ukaamua kutolijua. Si kosa langu uliamini vizuri hivyo."

"Hata siku moja hukumaanisha?"

Mzee alifikiri. Tumtendee haki, alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni kwa ajili ya mgeni. "Hapana," alisema. "Hata siku moja."

Luned alishika fremu ya mlango. Alikuwa amemwogesha mtu huyu. Alikuwa amemzika mama yao huku Hefin akitazama saa. Alitembea kwenye theluji ya kiunoni akimtafuta kondoo mmoja, akiimba kwa nguvu asilale, na alichokuwa anakiimba moyoni ni yangu, yangu, yangu. Angeweza kuishi na baba aliyegeuka. Watu hugeuka. Huyu hakuwahi hata mara moja kuwa pale Luned alipodhani yuko.

Aliwageukia majirani.

"Mmesikia?"

Plastiki zilinong'ona mikononi. Mtu alitazama mawingu. Mwenye sikio bovu la kushoto aligusa sikio lake.

"Mmesikia, au na leo mmeshiba?"

"Nimesikia," alisema mtu.

Alikuwa Beti wa Cefn, ameinuka mwishoni mwa meza, mwanamke mkubwa mwenye sufu kwenye nywele. "Leo nimesikia, na mwaka jana nilisikia, na mwaka ule wa theluji kubwa nilisikia nikiwa nimembeba mwanangu wa kwanza."

"Beti, kaa chini," alisema Tegwyn.

"Kaa wewe. Wewe ndiye umezoea." Akamgeukia Luned, na hapakuwa na urafiki mkubwa usoni mwake. Wanawake wale wawili hawakuwahi kuwa marafiki, na sababu ilikuwa imekaa pale mezani na kofia yake. "Ungekuja kuniuliza ningekwambia. Kwetu hukufika."

"Sikuweza."

"Najua."

"Utasema hivyo mbele ya jaji?"

"Kwa sauti zaidi. Jaji si jirani yangu."

Tone la kwanza la mvua lilianguka mezani. Wote walilisikia, maana sufu ikilowa hainyoleki, na zizini walibaki kondoo wengi wenye manyoya yao. Ilibidi kuamuliwa sasa. Luned alitoka mlangoni akasimama kati ya meza na banda la kunyolea.

"Sikilizeni," alisema. "Shamba lina kesi kuanzia leo, na kesi hiyo siwaombi mnishindie. Nawaomba kitu kimoja. Kuna kondoo hawajanyolewa. Anayebaki, ananinyolea mimi, Luned, na nitakapouliza nitauliza hivyo: alibaki nani. Anayemnyolea Hefin aondoke sasa hivi. Msimalize kazi halafu mkasema hamkujua ilikuwa ya nani. Mwaka huu mtajua."

"Huwezi kuwafukuza watu kwenye shamba langu!" alisema Hefin.

"Sijamfukuza mtu. Nimewauliza."

"Lango, je?" alisema mwenye sikio bovu, ambaye alikuwa amesikia vizuri kabisa. "Mwakani tutapitia wapi?"

"Utapita kwenye miti," alisema Beti. "Watakukatia njia ukiwaandikia barua London."

Majirani walisimama mmoja mmoja. Walikunja nyaya za mashine zao taratibu, kwa adabu, wakawaita mbwa wao kwa sauti ya chini. Wengine walimpa Luned mkono kabisa. "Tutaonana, Luned." "Si kwamba... unajua mwenyewe." Magari yalishuka kwenye kijito yakifuatana kama yanatoka mazishini, na alisimama akayahesabia majina, shamba kwa shamba, na mimi nawaambia kwamba hakusahau hata moja.

Waliobaki walitosha kuzunguka meza ndogo. Beti. Ndugu wawili wazee wa Pant ambao hawakuwa wamesema neno tangu asubuhi wala hawakusema sasa, waliwasha tu mashine. Mke wa mchungaji, asiyejua kunyoa, akavua pete. Ednyfed alirudi kwenye benchi lake chini ya mvua nyepesi, mkasi mapajani, na Hefin alikuwa upande wa pili wa ghala akijaribu kuwapata Mlango wa Kijani mahali ambapo simu haishiki.

Tegwyn alibaki amesimama uani. Alimtazama Luned, akamtazama mkewe, akatazama barabara. Funguo za gari zilikuwa kwa Beti, kwa hiyo aliondoka kwa miguu.

Luned hakumsindikiza kwa macho. Aliingia zizini, akamshika kondoo wa kwanza aliyemfikia, akamburura mpaka kwenye mbao za kunyolea.

"Huyu ana pembe iliyovunjika," alimwambia Beti. "Mshike kichwa. Anapiga."